Mabamba Yaliyoahidi Kutoweka

Katika miaka ya 1980, kwenye hospitali ya chuo kikuu mjini Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, watu kumi waliovunjika mfupa wa shavu walitibiwa kwa kifaa ambacho madaktari wengi walikuwa wakikisubiri. Badala ya bamba la chuma, walifungiwa bamba na skrubu za polima iitwayo polilaktidi. Kazi ya polima hiyo ilikuwa kushika mfupa mpaka uunge, kisha kuyeyuka taratibu mwilini, mgonjwa asihitaji kurudi tena chini ya kisu. Mifupa iliunga vizuri. Wagonjwa walishukuru, wakaenda zao.

Ilipotimia miaka mitatu hivi, baadhi yao walianza kurudi hospitalini. Shavu lilikuwa limevimba palepale lilipofungwa bamba. Walipopasuliwa upya, madaktari walikuta bamba limevunjikavunjika kuwa chembechembe ngumu zilizozungukwa na utando wa nyama, na chini ya hadubini baadhi ya chembe hizo zilionekana zimemezwa na seli za mwili zisijue la kuzifanya. Bamba halikuwa limetoweka. Hata kwa mgonjwa aliyechunguzwa baada ya miaka mitano na zaidi, mabaki yalikuwa bado yapo.

Kinachonivutia katika kisa hiki ni kwamba waliokitangaza ni walewale waliokuwa wakiitetea polima hiyo. Daktari Rudolf Bos na wenzake, akiwamo Bergsma aliyeandika ripoti za mwaka 1993 na 1995, hawakusubiri mshindani awaumbue. Waliwaita wagonjwa wao, wakawapima, wakaandika. Nadhani wengi wa wanaotengeneza mabamba ya kuyeyuka leo wamezisoma ripoti zile.

Nazitaja hapa kwa sababu mabamba ya aina hii yamekwisha kuvuka mipaka ya mashavu yaliyovunjika. Yanatumika pia katika upasuaji wa kurekebisha taya, upasuaji anaofanyiwa mtu ambaye hajavunjika popote, ila taya lake la chini limetangulia mbele mno au limerudi nyuma, au taya la juu ni fupi kiasi kwamba meno ya mbele hayakutani hata akiuma kwa nguvu zote. Wengi hudhani ni urembo. Kwa wengine urembo upo kweli, na sioni ubaya wake. Lakini muulize mtu asiyeweza kukata kipande cha muhogo kwa meno ya mbele, au anayekoroma mpaka pumzi ikakatika usingizini kwa sababu ulimi wake umebanwa nyuma ya taya dogo. Tena wapo watoto waliozaliwa na mdomo sungura na kaakaa wazi. Wakishafanyiwa upasuaji wa kwanza wakiwa wachanga, taya lao la juu mara nyingi halikui sawasawa na la chini, na wakifika ujana huhitaji kulisogeza mbele. Hao tunao wengi Afrika Mashariki, na kadiri kampeni za kushona midomo ya watoto zinavyofanikiwa ndivyo vijana wa kundi hili watakavyozidi kubisha hodi kwenye kliniki za taya.

Upasuaji wenyewe una historia ndefu kuliko unavyodhania. Mwaka 1849 daktari Simon Hullihen, huko Wheeling, Marekani, alichapisha taarifa ya mwanamke kijana aliyeungua utotoni. Kovu la shingoni lilikuwa limelivuta taya lake la chini likarefuka, na Hullihen alilikata na kulirudisha nyuma. Ila hatua kubwa ilisubiri zaidi ya miaka 100. Katika miaka ya 1950 Hugo Obwegeser, Mwaustria aliyekuja kupata jina mjini Zürich, alibuni namna ya kulipasua taya la chini kupitia ndani ya mdomo, bila kuacha kovu hata moja usoni. Mfupa wa nyuma ya taya hupasuliwa kwa urefu wake, ukabaki katika tabaka mbili zilizolazwa moja juu ya nyingine kama viganja vya mikono, na tabaka moja huteleza juu ya nyingine kwenda mbele au nyuma kwa milimita zinazotakiwa. Mfupa unabaki umegusana kwa eneo pana, na eneo pana huunga upesi. Ugumu ni kwamba ndani ya mfupa huo unapita mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu. Ganzi ya mdomo baada ya upasuaji ni jambo la kawaida, na kwa baadhi ya wagonjwa haiondoki yote.

Kukata na kusogeza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuzuia mfupa usirudi ulikotoka. Zamani vipande vilifungwa kwa waya, kisha meno ya juu na ya chini yakafungwa pamoja kwa waya kwa muda wa wiki sita hivi. Mgonjwa alikunywa uji na supu kwa mrija, akazungumza kwa kubana meno, na kando ya kitanda chake kiliwekwa kikata waya, ili akitapika usiku muuguzi amfungue kabla hajapaliwa. Waliopitia hayo hawayasahau. Ndiyo maana mabamba madogo ya chuma, yaliyoenea Ulaya katika miaka ya 1970 kupitia kazi za Michelet na Champy nchini Ufaransa, yalipokelewa kwa shangwe, pamoja na skrubu alizozitetea daktari Bernd Spiessl kwa upasuaji wa taya la chini. Baadaye titani ilichukua nafasi ya vyuma vingine. Mwili unaivumilia, haishiki kutu, ni nyepesi, na inakunjika kwa koleo ikae vile mfupa ulivyo. Taya la juu kwa kawaida hufungwa mabamba manne. La chini hufungwa bamba moja au mawili kila upande, au skrubu ndefu peke yake. Mgonjwa anaamka mdomo ukifunguka.

Sasa, kama titani ni nzuri hivyo, kwa nini mtu atake bamba linaloyeyuka?

Sababu ni kwamba bamba lina kazi ya wiki sita hadi nane tu. Baada ya hapo mfupa umejishika wenyewe, na chuma kinabaki ndani kwa miaka 40 au 50 bila kazi yoyote. Kwa wengi kinakaa kimya. Kwa wachache kinaingiwa na wadudu, fizi inavimba, usaha unatoka. Wengine, hasa kwenye nchi za baridi, hukihisi mashavuni upepo ukivuma, na wembamba wa mwili hukipapasa kwa kidole chini ya ngozi. Kwenye picha za CT chuma hutupa miale inayoficha kilicho jirani yake, na hilo si dogo kwa mtu ambaye baadaye atapata uvimbe wa kichwani au shingoni. (Wanaoogopa uwanja wa ndege waondoe shaka, kwa kawaida mashine haziwapigii kelele.) Kwa mtoto hoja inakuwa nzito zaidi, kwa sababu mfupa unaokua hukizunguka chuma. Katika upasuaji wa fuvu la watoto wadogo imeonekana bamba lililowekwa nje ya mfupa likiishia upande wa ndani, karibu na ubongo, bila kusogea lenyewe. Fuvu ndilo lililokua kwa kuongeza mfupa nje na kuupunguza ndani. Hapo bamba linaloyeyuka limekwisha kushinda hoja, na wapasuaji wengi wa mafuvu ya watoto huliona kuwa chaguo la kwanza.

Asili ya matumizi ya polilaktidi mwilini ni jeshi la Marekani. Mwaka 1966 Kulkarni na wenzake, katika maabara ya jeshi pale Walter Reed, Washington, walichapisha taarifa kwamba polima ya asidi ya laktiki inavumilika mwilini na kuvunjika polepole. Mwaka huohuo, na hii ni sadfa ninayoipenda, Obwegeser alialikwa palepale Walter Reed kuwafundisha Wamarekani upasuaji wake wa taya. Miaka michache baadaye daktari wa jeshi hilo aitwaye Hunsuck aliurekebisha mkato wa Obwegeser ukawa mfupi zaidi, na mwaka 1971, akiwa na Cutright na Beasley, aliandika juu ya kufunga mataya ya nyani yaliyovunjika kwa nyuzi za polima hiyo. Nchini Finland, kuanzia mwaka 1984, Pentti Rokkanen wa Helsinki aliwafunga wagonjwa waliovunjika kifundo cha mguu kwa pini za polima ya aina hiyo. Ndugu wa polima hizi tunawajua sote bila kujua. Nyuzi za kushonea zinazoyeyuka zenyewe, zile anazoshonwa mama baada ya kujifungua, zimetokana na ukoo huohuo.

Jinsi polilaktidi inavyoyeyuka inahitaji kuelezwa vizuri, kwa kuwa hapo ndipo palipo na matumaini na matatizo pia. Polima hii ni mnyororo mrefu wa vipande vya asidi ya laktiki. Maji ya mwilini huingia ndani ya bamba na kuukata mnyororo huo hapa na pale. Kwanza minyororo inakuwa mifupi huku bamba likionekana bado zima. Kisha nguvu zake zinapungua. Mwisho kabisa ndipo uzito unapopungua na vipande kusambaratika. Asidi inayotoka ni ileile misuli inayoitengeneza mtu akikimbia, na mwili unaigeuza kuwa maji na hewa ya ukaa inayotoka kwa pumzi. Kwenye karatasi ni jambo zuri mno. Tatizo la Groningen lilikuwa kwamba ili bamba liwe na nguvu, walitumia polima safi ya aina moja, ambayo minyororo yake hujipanga kwa mpangilio mkali wa fuwele. Fuwele hizo zilikuwa ngumu, ndiyo, lakini maji hayakuweza kuzipenya, nazo zikabaki miaka na miaka.

Dawa iliyopatikana ni kuvuruga mpangilio huo. Viwanda vikachanganya aina mbili za laktidi, au laktidi na asidi ya glikoliki. LactoSorb, iliyoanza kuuzwa Marekani katikati ya miaka ya 1990, ina sehemu 82 za polilaktidi na 18 za asidi ya glikoliki, nayo huisha mwilini kwa mwaka mmoja hivi. Wajapani walichukua njia nyingine. Walisaga haidroksiapatiti, madini yaleyale ya mfupa, wakaichanganya ndani ya polima. Bamba likawa gumu zaidi, likashikana na mfupa, tena likaonekana kwenye eksirei. Hili la eksirei lina uzito wake, kwa kuwa mabamba ya polima tupu hayaonekani kabisa kwenye picha. Daktari mwingine, mji mwingine, miaka miwili baadaye, anaweza kupapasa uvimbe na kuangalia picha asione kitu. Mgonjwa anayefungwa bamba la namna hiyo atunze karatasi yake ya kutoka hospitalini vizuri kama anavyotunza cheti cha kuzaliwa.

Twende kwenye chumba cha upasuaji, maana wauzaji hawapendi kukaa sana huko. Titani inakunjwa kwa koleo na kubaki ilivyokunjwa. Polima haikunjiki ikiwa baridi. Lazima itumbukizwe kwenye maji ya moto, ilainike, iwekwe juu ya mfupa kwa haraka, na ikipoa kabla haijakaa sawa irudishwe majini. Skrubu ya titani inajichimbia njia yenyewe. Ya polima inahitaji tundu litobolewe, kisha likatwe hesi kwa kifaa maalumu, kisha skrubu iingizwe kwa mkono wa huruma, kwa sababu ukikaza kidogo tu kupita kiasi kichwa chake kinakatika. Polima hizi ni laini kuliko titani kwa makumi ya mara, na ili kufidia udhaifu huo mabamba hutengenezwa manene zaidi, mpaka mgonjwa anaweza kuyahisi chini ya fizi katika miezi ya mwanzo. Kiwanda kimoja cha Ujerumani kimejaribu kuruka tatizo la skrubu kwa pini inayotikiswa kwa mawimbi ya sauti mpaka ikalainika na kupenya kwenye vishimo vya mfupa. Ni ubunifu mzuri, ila unadai mashine yake.

Kwa hiyo swali si kama mabamba haya yanashika. Yanashika. Swali ni yanashika wapi. Taya la juu likisogezwa milimita chache mbele halivutwi kwa nguvu kubwa, na huko polima imefanya vizuri katika mikono mingi. Taya la chini ni habari tofauti. Limeshikwa na misuli ya kutafuna, na likisogezwa mbele kwa kiasi kikubwa, misuli na ngozi ya shingo hulivuta lirudi usiku na mchana. Mimi ningekuwa mtu mzima wa kurefushwa taya la chini, ningeomba titani bila kusita.

Siyo hisia tu zinazonisemesha hivyo. Waholanzi walewale, safari hii wakishirikisha hospitali nne, waliwagawa wagonjwa 230 kwa kura, wengine wakapewa titani na wengine polima. Walikuwamo waliovunjika na waliokuja kurekebishwa mataya. Matokeo ya mwanzo yalichapishwa mwaka 2012. Kati ya wagonjwa 117 waliopangiwa polima, 25 waliishia kufungwa titani hapohapo mezani, kwa sababu bamba au skrubu vilimshinda daktari au havikushika inavyotakiwa. Walipofuatiliwa kwa miaka miwili, waliohitaji kutolewa mabamba kwa sababu ya usumbufu walikuwa wengi zaidi upande wa polima, zaidi ya mara mbili kwa uwiano. Yaani kifaa kilichobuniwa ili kuepusha upasuaji wa pili kiliuita mara nyingi kuliko kile kilicholaumiwa. Watetezi wanasema madaktari wale walikuwa bado hawajazoea, na kwamba polima za leo ni bora. Hoja ya kwanza ina ukweli. Ya pili ingekuwa na uzito zaidi kama ingekuja na majaribio makubwa. Shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti, lilipoliangalia suala la upasuaji wa kurekebisha taya peke yake mwaka 2017 lilikuta majaribio mawili tu yanayofaa kuhesabiwa, yenye watu 103 kwa jumla. Kwa teknolojia iliyokuwa sokoni kwa zaidi ya miaka 20, huo ni ushahidi mwembamba.

Upo pia mkondo mwingine unaokuja, wa magnesi. Hii ni metali yenye nguvu kuliko polima, nayo inaliwa na maji ya mwili mpaka inaisha. Ujerumani skrubu zake zimeruhusiwa tangu mwaka 2013 kwa mifupa ya miguu na mikono, na zimejaribiwa kwenye kichwa cha taya. Ikioza inatoa hewa ya haidrojeni. Ni mapema kuizungumzia zaidi ya hapo.

Kwetu je? Muhimbili na Chuo Kikuu cha Nairobi wanafundisha madaktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, uso na taya, na kazi kubwa inayowakabili madaktari hao si ya kurekebisha mataya. Ni ajali za bodaboda, ni ngumi, ni uvimbe mkubwa wa taya unaoletwa hospitalini ukiwa umechelewa. Taya lililovunjika bado hufungwa kwa waya mara nyingi, si kwa sababu daktari hajui bamba, ila kwa sababu mgonjwa hana fedha za bamba. Mahali ambapo titani yenyewe ni anasa, kumsifia mtu polima ya bei ya juu zaidi ni kama dhihaka.

Tena kuna jambo la kihospitali ambalo sijaliona likizungumzwa vya kutosha. Seti ya titani hukaa kwenye trei yake. Daktari anachukua bamba moja na skrubu sita, zilizobaki zinaingia kwenye mashine ya mvuke, zinatakaswa, zinamsubiri mgonjwa wa kesho. Polima haiwezi kuingia humo. Joto na mvuke ndivyo hasa vinavyoiharibu, kwa hiyo inaletwa imetakaswa kiwandani, kila kipande ndani ya pakiti isiyopitisha unyevu, na pakiti ikishachanwa isipotumika inatupwa. Skrubu mbili zikikatika kichwa, ni pakiti nyingine. Ina tarehe ya kuisha muda, na inataka stoo isiyo na joto. Anayeijua stoo ya hospitali ya mkoa wa pwani mwezi wa pili, umeme ukiwa umekatika, atajaza mwenyewe kilichobaki.

Hata hivyo wapo wasomaji ambao watakabiliwa na uamuzi huu, iwe hospitali binafsi ya Dar es Salaam au Nairobi, iwe wamesafiri nje kwa matibabu, iwe wana mtoto anayehitaji kurekebishwa fuvu au taya. Ikiwa ni mtoto anayekua, bamba linaloyeyuka lina hoja nzito na mzazi asiogope kulikubali. Ikiwa ni mtu mzima, muulize daktari ni polima gani, inaisha kwa muda gani, na yeye mwenyewe ameifunga mara ngapi kwenye taya la namna yako. Uliza kama mlo utakuwa tofauti, maana wapo wanaodhani bamba la kisasa linaruhusu nyama choma wiki ya pili. Haliruhusu, na hata titani hairuhusu. Kisha, kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, uliza kama seti ya titani itakuwepo mezani siku hiyo, imeshatakaswa, na polima ikigoma katikati ya kazi nani atalipia seti ya pili.